Aliyerudi Nyumbani Bila Kazi: Somo la Vikundi



Somo hili linahusu watu ambao mara nyingi hukaa nyuma kabisa katika mikutano yetu, karibu na mlango. Walifanya kazi mjini, viwandani, kwenye mashamba makubwa au majumbani mwa watu kwa miaka ishirini au thelathini, halafu wakarudi nyumbani kabla uzee haujafika. Wengine waliondolewa serikalini katika mpango wa kupunguza wafanyakazi ulioanza mwaka 1993. Wengine walikuwa wachuma chai Kericho na Bomet, mashine zikaja zikafanya kazi ya watu wengi kwa siku moja. Wengine kampuni ilifunga mlango. Na wengine waliambiwa tu kwamba sasa wamechoka, na mtu ana miaka arobaini na minane!

Mtu kama huyo akifika nyumbani, wiki ya kwanza anasalimiwa vizuri. Mwezi wa pili watu wanaanza kuuliza likizo yake inaisha lini. Mwezi wa sita hakuna anayeuliza tena, na yeye mwenyewe hatoki sana. Katika ofisi yetu ya maendeleo tumeona nyumba zikiharibika kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya ukame. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kitenge mikutano miwili kwa somo hili. Msilisome kwa haraka.

Anzeni na igizo hili fupi. Chagueni watu wanne, wasiwe wale wale wa kila siku.

MWENYEKITI: Haya, tumefika kwa mambo mengineyo. Kuna mgeni. Karibu Mzee, jieleze.

MZEE: Asante, Mama mwenyekiti. Mimi si mgeni, ni wa hapa hapa. Nilikuwa Nairobi, kiwandani. Miaka ishirini na sita, fundi wa mashine. Wamefunga, nimerudi. Nataka kujiunga na nyinyi.

KATIBU: Mzee, shikamoo. Una cheti?

MZEE: Marahaba. Cheti cha nini, kijana wangu?

KATIBU: Cha ufundi. Mradi wa maji unatafuta mtu wa kurekebisha pampu, lakini wanauliza karatasi.

MZEE: Karatasi sina. Mikono ninayo.

MWEKA HAZINA: Mikono hatuwezi kuipiga pini kwenye fomu, Mzee wangu.

KATIBU: Tena kikundi chetu tumekiandikisha kama cha vijana. Tukiingiza wazee tutanyimwa mkopo.

MWENYEKITI: Basi Mzee aende kwa kile kikundi cha wazee, pale kanisani.

MZEE: Huko nilienda jana. Wameniambia mimi bado kijana.

Igizo liishie hapo. Watu watacheka, waacheni wacheke. Halafu mwongozaji aulize: Katika igizo hili nani amekosea? Mpeni kila mtu nafasi, hasa wale ambao hawajasema kitu tangu mkutano uanze.

Miaka isiyo na jina

Kile alichokutana nacho huyu mzee kimo hata katika sheria zetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Kifungu hicho hicho kinasema mzee katika jamii ni mtu aliyepita miaka 60. Sasa hesabuni. Kati ya 35 na 60 kuna miaka 25, na mtu aliye katika miaka hiyo hana jina. Hazina ya vijana iliyoanza mwaka 2006 si yake. Inua Jamii, iliyofungulia wazee wote wa miaka 70 na zaidi mlango mwaka 2018, iko mbali naye kabisa. Na ndiyo miaka ambayo ana watoto wa sekondari, ana wazazi wagonjwa, na nyumba haijaezekwa upande mmoja.

Hatusemi vijana wanyang'anywe chao. Vijana wetu wana shida kubwa ya kazi, na anayetaka kuwagombanisha na baba zao hatujengi. Tunasema tu kwamba mlango ukiandikwa jina la mtu mmoja, mwingine hatabisha hodi hata kama haukufungwa.

Chukueni mfano wa vyuo vya ufundi vijijini. Vilianza baada ya ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966, iliyouliza watoto wakimaliza shule waende wapi. Hapo kwanza viliitwa politekniki za vijiji. Baadaye zikaitwa politekniki za vijana, na leo ni vituo vya mafunzo ya ufundi chini ya serikali za kaunti. Lile neno "vijana" lilikaa kwenye mabango miaka mingi, na watu wazima wakaamini hapo si mahali pao. Lakini someni Jedwali la Nne la Katiba, mahali panapoorodhesha kazi za kaunti: imeandikwa politekniki za vijiji. Kijiji kina watu wa kila umri. Tena kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya umri, na kifungu cha 57 kinataka serikali iwawezeshe wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kujiendeleza. Kujiendeleza, si kulishwa tu.

Kwa hiyo mama wa miaka hamsini akienda kwa meneja wa kituo na kuomba nafasi ya kujifunza kushona sare za shule, asiombe kama mtu anayeomba msaada. Aende na wenzake watatu au wanne. Meneja akiona kundi, anaweza kupanga darasa la alasiri au la Jumamosi. Mtu mmoja ni rahisi kumwambia arudi wiki ijayo.

Karatasi kwanza

Kabla ya mafunzo yoyote, tunashauri mtu akusanye karatasi zake. Hapa tunakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi za watu wetu hupotelea.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akiacha au akiachishwa kazi, mwajiri lazima ampe cheti cha utumishi, mradi alifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Hiki si barua ya sifa. Hakisemi mtu alikuwa mzuri au mbaya. Kinasema jina la mwajiri na anwani, jina la mfanyakazi, alianza lini, alifanya kazi gani na wapi, akaacha lini. Mwajiri hawezi kukinyima kwa sababu mlikosana. Hata mama aliyefanya kazi ya nyumba Nairobi miaka kumi na tano anastahili kupewa. Wengi wa mama zetu hawajui hilo, na wakirudi nyumbani ni kana kwamba miaka ile kumi na tano haikuwapo.

Jambo la pili ni malipo. Mtu akiondolewa si kwa kosa lake, bali kwa sababu kazi imeisha au imepunguzwa, kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinampa haki zifuatazo: notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, pesa za siku za likizo ambazo hakuzichukua, na malipo ya kuondokea yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Tufanye hesabu ya yule mzee wa igizo. Tuseme mshahara wake ulikuwa shilingi 18,000. Tukigawa kwa siku 30, siku moja ni shilingi 600. Siku 15 ni shilingi 9,000. Kwa miaka 26 inakuwa shilingi 234,000. Ongeza mwezi wa notisi, 18,000, halafu likizo. Je, ni wangapi kati yetu walipewa bahasha ya elfu thelathini wakatia sahihi na kushukuru?

Aliye na malalamiko aende kwa afisa wa kazi wa serikali, asikae nayo moyoni. Kwa kawaida sheria inatoa miaka 3 ya kupeleka madai mahakamani. Ikipita, hata haki iwe wazi kama jua, mlango unafungwa. Tumepokea watu waliokuja mwaka wa tano. Hatukuwa na la kuwaambia isipokuwa pole.

Halafu kuna NSSF. Mtu huchukua pesa zake akifikisha miaka 60, au kuanzia miaka 50 kama ameacha kazi ya kuajiriwa. Aangalie hesabu yake mapema, maana kuna waajiri waliokata pesa kwenye mshahara na wasizipeleke. Lakini asitegemee hizo peke yake. Kwa miaka mingi hadi Februari 2023, mfanyakazi wa kawaida alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Kwa miaka ishirini hiyo ni 400 mara 12 mara 20, yaani shilingi 96,000, na riba juu yake. Hiyo si pesa ya kumlea mtu kutoka miaka hamsini hadi themanini. Bado lazima afanye kazi.

Ujuzi ulio mkononi

Sasa turudi kwa mikono ya mzee, ile isiyopigwa pini kwenye fomu. Njia ya kuifanya ionekane ipo, na ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani: ni mtihani wa serikali wa ufundi, ule tunaouita gredi. Leo unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mtu hahitaji kuwa amesoma chuo. Fundi aliyejifunza mjengoni, kwa kubeba mwiko na kumwangalia mwenzake, anaweza kujiandikisha, akafanya mtihani wa mikono na wa maswali, akapata Gredi 3, halafu 2, halafu 1. Kuna uashi, useremala, mabomba ya maji, kuchomelea vyuma, magari, ushonaji na kazi nyingine nyingi. Vituo vingi vya ufundi vya kaunti hufanyisha mtihani huu. Ulizeni ada na tarehe hapo hapo kituoni, kwa sababu hubadilika.

Pamoja na huo, sheria ya mwaka 2014 juu ya mfumo wa kitaifa wa vyeti ilifungua njia ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Mtu anapimwa kwa kile anachoweza kufanya, akionyesha kazi yake na ushahidi wa miaka aliyoifanya. Ndiyo maana tumesema karatasi kwanza. Cheti cha utumishi, picha za nyumba ulizojenga, barua ya mwenye shule uliyoiezeka: vyote hivi ni ushahidi. Mzee anayesema "kila mtu hapa ananijua" anasema kweli, lakini anayepima hatoki hapa.

Kwa nini tunasisitiza cheti kwa mtu wa miaka hamsini na tatu? Kwa sababu ya bei. Mjengoni, fundi na kibarua wanaweza kusimama kwenye ukuta mmoja wakifanya kazi sawasawa, na jioni mmoja akapewa nusu ya mwenzake. Asiye na cheti anabebeshwa mawe. Kijana wa miaka ishirini anaweza kubeba mawe kutwa. Mtu mzima mgongo unakataa, basi anaachwa. Lakini kupima ukuta kwa timazi, kuchanganya simiti isipasuke, kujua udongo mweusi wa bondeni unahitaji msingi wa namna gani, hayo hayahitaji mgongo. Mtu akipata karatasi inayosema anajua, anaweza kuajiriwa kwa kile anachojua badala ya kile anachoweza kuinua.

Vituo vya ufundi navyo vinahitaji mahali pa kupeleka wanafunzi wajifunze kazi kwa vitendo. Fundi mzee mwenye gredi na karakana ndogo chini ya mwembe anaweza kupokea wawili au watatu. Yeye anapata nguvu za kuinua na mtu wa kumsomea ujumbe wa simu. Wao wanapata yale ambayo mwalimu kijana hajayaona bado. Haya yanahitaji mapatano yaandikwe, nani ananunua misumari na nani anakula nini saa sita, la sivyo watagombana kabla ya mwezi kwisha.

Kusoma ukiwa mtu mzima

"Kichwa changu kimeshakuwa kigumu." Tunalisikia neno hili kila tunapotembelea vikundi. Wengine hapo hutaja Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alikuwa mfano mkubwa, Mungu amlaze pema, alifariki mwaka 2009. Lakini msingoje muwe na 84 ndiyo mwende.

Mtu mzima hajifunzi kama mtoto. Hapendi kukaririshwa, hapendi kucheka­shwa mbele ya wakwe zake, na akiona jambo halina faida nyumbani kwake analiacha njiani. Akipewa kitu cha kufanya kwa mikono, na akaulizwa kwanza yeye anajua nini, anajifunza upesi. Madarasa ya gumbaru yaliyodumu ni yale ambayo watu walisoma maneno wanayoyatumia: bei ya sukari, jina la dawa ya ng'ombe, sahihi ya benki. Mnapomchagua mwalimu wa kikundi, tafuteni anayejua kusikiliza. Tungependelea huyo kuliko mwenye digrii anayeongea peke yake saa mbili.

Na kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Baada ya miaka arobaini macho ya karibu wote huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri. Fundi cherehani anashindwa kutia uzi kwenye sindano, anasema amechoka na kazi, anaacha. Mwalimu anadhani mwanafunzi wake mtu mzima hajui kusoma, kumbe haoni. Kule Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kusomea katika utafiti uliotolewa mwaka 2018. Waliopewa miwani walizidi kuchuma kwa kama asilimia 22 kuwaliko wasiopewa. Miwani tu! Kikundi kinaweza kuita mtu wa macho kutoka hospitali apime watu wote siku moja. Tunaona hili lifanywe kabla ya darasa lolote la ushonaji, useremala au hesabu. Si jambo la aibu, ingawa kuna wanaume watakaosema wao bado wanaona vizuri huku wameshika gazeti kwa urefu wa mkono.

Pesa za kuondokea

Hapa tutasema wazi, hata kama wengine hawatafurahi. Mtu aliyefanya kazi ya mashine miaka ishirini na sita asichukue pesa zote akanunua matatu. Haijui biashara hiyo. Asinunue posho mill kwa sababu jirani anayo, maana mahindi ya kijiji ni yale yale, na sasa yatagawanywa kwa mashine mbili. Asinunue ng'ombe wa gredi watatu kabla hajapanda majani ya kuwalisha. Tumeona pesa za miaka ishirini zikiisha kwa miezi minane, na nyingi hazikuliwa kwa pombe kama watu wanavyopenda kusema. Ziliingia katika biashara ambayo mwenyewe hakuijua, kwa haraka, kwa sababu aliona aibu kukaa bila kitu cha kuonyesha.

Shauri letu ni hili. Pesa zikae kwenye Sacco au benki miezi sita. Katika hiyo miezi sita mtu afanye kazi ndogo za ujuzi wake mwenyewe, hata kama ni kunoa mapanga na kurekebisha mageti ya watu. Mke na mume waandike pamoja kila shilingi inayoingia na kutoka. Baadaye wataona kama kuna wateja wa kutosha kununua mashine ya kuchomelea, au hakuna. Ndugu watakuja kukopa, na hapo ni heri pesa ziwe mahali ambapo huwezi kuzifikia jioni ya leo. Na kama kuna wakala anayeahidi kazi ya ulinzi au ya ng'ambo na kudai pesa za kujiandikisha kwanza, mtu aende kwa afisa wa kazi kuuliza kama wakala huyo ameandikishwa na serikali kabla ya kutoa hata mia.

Kikundi kifanye nini

Japani walikuwa na shida inayofanana na hii mapema kuliko sisi. Katika miaka ya 1970, pale Tokyo, wazee walioacha kazi walianza kujiunga katika vituo vya kugawana kazi ndogo ndogo. Wengi wao ni wa miaka 60 na zaidi. Mwenye nyumba akitaka ua ukatwe, mlango urekebishwe, au mtu wa kulinda baiskeli stesheni, anapiga simu kituoni, siyo kwa mtu mmoja. Kituo kinamtuma mwanachama anayejua kazi hiyo, kwa masaa machache, na malipo yanapitia kituoni. Mpango huo ulienea nchi nzima. Japani ni nchi tajiri, na sisi si Japani, lakini katika hili hakuna kinachohitaji utajiri. Kinachohitajika ni daftari, simu moja, na mtu mwaminifu.

Kikundi kinaweza kuandika daftari la ujuzi. Liwe na jina la mtu, kazi aliyoifanya, miaka mingapi, vifaa alivyo navyo, karatasi alizo nazo na zile anazokosa. Msiandike wanaume peke yao. Mama aliyepikia watu thelathini katika nyumba ya wageni anajua hesabu za jikoni kuliko wengi wanaojiita wapishi wa harusi. Mama aliyemuuguza mgonjwa wa kiharusi miaka mitano kwa mwajiri wake ana ujuzi ambao zahanati inauhitaji. Daftari likishajaa, pelekeni nakala kwa parokia, kwa mwalimu mkuu, kwa chifu, kwa mwenyekiti wa mradi wa maji. Shule ikitaka madawati hamsini yarekebishwe, isiagize fundi kutoka mjini ilhali hapa kijijini wako wanne. Parokia zianze kwanza. Si vizuri tuhubiri juu ya heshima ya kazi, kama Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alivyofundisha katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, halafu paa la kanisa liezekwe na watu wasiojulikana kwa sababu walitoa bei ya chini kwa shilingi elfu moja.

Juu ya mikopo, msikate tamaa kwa sababu ya lile neno "vijana". Mfuko wa wanawake ulioanza mwaka 2007 haukuwekewa umri wa juu, na umekuwa ukikopesha vikundi ambavyo wanawake si chini ya asilimia 70 na uongozi uko mikononi mwao. Kwa hiyo wanaume wachache wa miaka hamsini wanaweza kuingia, wakikubali kuongozwa na mama zetu. Tunajua kuna watakaoguna. Basi wagune wakiwa ndani. Ulizeni masharti ya sasa ofisini kabla ya kubadilisha katiba ya kikundi, na msikope kwa sababu mkopo upo.

Kwa maombi ya kufungua mkutano, someni Mathayo 20, mistari 1 hadi 16, ile habari ya mwenye shamba la mizabibu. Kwa kawaida tunahubiri juu ya malipo, na wale waliofika asubuhi wakinung'unika. Safari hii waangalieni wale wa saa kumi na moja. Kwa bahati nzuri hesabu ya saa katika Injili ni sawa na yetu, hakuna haja ya kugeuza: ni saa kumi na moja jioni, jua linakwenda kutua, na watu bado wamesimama sokoni. Hawakuitwa wavivu. Walipoulizwa mbona wamesimama kutwa nzima, jibu lao lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwauliza umri wala cheti. Kaeni kimya dakika tatu baada ya kusoma, kisha mtu aliye tayari aseme kama yeye amewahi kusimama hapo.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa kwanza ni haya. Katika kijiji chetu ni watu wangapi wa kati ya miaka 35 na 60 waliorudi nyumbani bila kazi? Je, tumewatembelea? Katiba ya kikundi chetu inawafungia mlango bila sisi kukusudia? Kazi gani tulilipa watu wa nje mwaka uliopita, na nani hapa angeweza kuifanya? Mwisho lichezeni tena lile igizo, lakini safari hii Katibu na Mwenyekiti wampe Mzee majibu mengine. Msiwaambie la kusema, waacheni watafute wenyewe.

Kwa mkutano wa pili, kila aliyewahi kuajiriwa alete bahasha yake: kitambulisho, kadi ya NSSF, barua ya kuajiriwa, ya kuachishwa, karatasi za mshahara hata kama zimeliwa na mende. Wanaosoma vizuri wakae na wasiosoma, wawili wawili, waandike kila mmoja anakosa nini na ataandika kwa nani kukiomba. Wale ambao bado hawajamaliza miaka 3 tangu waachishwe waandikwe kwenye karatasi yao peke yao, na mtu mmoja wa kikundi awasindikize kwa afisa wa kazi wiki hiyo hiyo. Nauli itoke kwenye mfuko wa kikundi.